Uhalisia na Ajabu katika Filamu za Majagina wa Marekani

Wahakiki wengi wanapoieleza historia ya filamu za majagina wa Marekani huifananisha na bembea. Kwa mujibu wa maelezo yao, filamu hizi husogea upande wa uhalisia mkavu kwa miaka kadhaa. Kisha hadhira ikichoshwa na giza na huzuni, hurudi upande wa ajabu, rangi na mzaha wa vijitabu vya katuni zilikotoka. Na mzaha ukizidi hurudishwa tena gizani. Maelezo hayo si ya uongo, na tarehe zinayaunga mkono. Hata hivyo yana kasoro moja kubwa. Yanachukulia kwamba uhalisia na ajabu vimewekwa katika mizani, kimoja kikipanda kingine hakina budi kushuka. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba suala si kiasi cha uhalisia kilichomo katika filamu, bali ni kazi ambayo uhalisia huo umepewa. Kuna uhalisia unaoifungulia ajabu mlango, na kuna uhalisia unaoificha ajabu kama mtu amfichavyo ndugu anayemwonea haya.

Yafaa istilahi zifafanuliwe kwanza. Jagina katika makala haya ni mhusika mwenye nguvu au maarifa yanayovuka mipaka ya ubinadamu wa kawaida, avaaye maleba maalumu na kujulikana kwa jina la pili, kama vile Superman, Batman au Spider-Man. Ajabu ni kila jambo ambalo hadithi inalidai bila ya kulithibitisha: mtu kuruka angani, mbwa kuvaa joho, mti kusema. Neno uhalisia ndilo lenye matatizo. Katika uhakiki wa riwaya neno hili limetumiwa kwa muda mrefu kwa maana ya usawiri wa mahusiano ya kijamii: nani anamiliki nini, nani anamfanyia nani kazi, na kwa nini mtu wa tabaka fulani hufikiri jinsi afikirivyo. Katika sifa wanazopewa majagina wa sinema, neno hilo hilo lina maana nyembamba zaidi. Humaanisha kwamba joho limeshonwa kwa kitambaa kizito, gari limeundwa kwa chuma cha kweli, mvua inanyesha usiku, na hakuna anayecheka. Huo ni uhalisia wa ngozi, na tofauti yake na uhalisia wa mahusiano itahitajika mara kwa mara hapa chini.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hatashangazwa na mchanganyiko wa mambo haya. Katika hadithi ya Fumo Liyongo mna tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, kwa kuwa walinzi wa gereza hawatautamani mkate wa aina hiyo. Hapana jambo la kihalisia zaidi ya hilo, maana limejengwa juu ya ujuzi wa njaa, cheo na ladha. Katika hadithi hiyo hiyo mna mwili usiodhurika kwa silaha yoyote ila kwa shaba ichomwapo kitovuni. Msimulizi hajisumbui kueleza kitabibu jinsi kitovu hicho kilivyopata udhaifu wake, wala haelekei kuwa na msikilizaji aliyemdai maelezo hayo. Mkate na kitovu vimekaa pamoja bila ya kimoja kukiombea kingine radhi. Kipimo hiki chaweza kutumiwa kwa filamu zinazojadiliwa hapa, ijapokuwa zimetoka mbali, na zimetengenezwa kwa fedha ambazo watunzi wa pwani hawakuziota.

Superman aliingia katika vijitabu vya katuni mwaka 1938, kazi ya vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster. Batman alifuata mwaka 1939. Vijitabu hivyo viliuzwa kwa senti 10, vikapigwa chapa kwenye karatasi hafifu kwa rangi chache zilizokolea, na fani yake ilitokana na hali hiyo. Chuku ndiyo iliyokuwa tamathali yake kuu. Maleba ya rangi kali yalimwezesha msomaji kumtambua jagina mara moja hata katika picha ndogo. Bukta nyekundu ambayo Superman aliivaa juu ya suruali ya buluu ilifanana na mavazi ya wanasarakasi na wanyanyua vyuma wa maonyesho ya zama hizo. Haikuwa upuuzi, bali alama ambayo wasomaji wa 1938 waliifahamu bila ya taabu. Upuuzi uliingia alama hiyo ilipohamishwa na kuvishwa mwili wa mtu halisi mbele ya kamera. Tamthilia ya televisheni ya Batman, iliyoonyeshwa kuanzia 1966 hadi 1968, pamoja na filamu yake ya mwaka 1966, iliutambua upuuzi huo na kuufanya mtaji. Batman ananing'inia kwenye ngazi ya helikopta, papa amemng'ata mguu, naye anaomba ateremshiwe mkebe wa dawa ya kufukuzia papa, ambayo imo tayari ndani ya helikopta. Adam West huyasema mambo haya kwa uzito wa hakimu atoaye hukumu, na hapo ndipo kicheko kinapozaliwa. Waongozaji wengi waliokuja baadaye walitengeneza filamu zao kana kwamba wanakijibu kicheko hicho.

Jibu lililo bora zaidi hadi leo ni la Richard Donner katika Superman ya mwaka 1978. Donner aliwapa wenzake wito mmoja wa kuiongoza kazi yao, nao ni mshabaha wa ukweli. Filamu hiyo ina mandhari tatu, na kila moja ina ujumi wake: sayari ya Krypton yenye fuwele na mwanga mweupe, mashamba ya ngano ya Kansas chini ya mbingu pana, na ofisi ya gazeti mjini Metropolis, ambamo watu wanasemea mmoja juu ya mwingine. Uhalisia wa filamu hii, hata hivyo, haumo katika mandhari bali katika mwili wa Christopher Reeve. Katika onyesho moja, Clark Kent amesimama nyumbani kwa Lois Lane akikusudia kumfichulia siri yake. Anavua miwani, ananyoosha mgongo, sauti inashuka, na ghafla mtu mwingine amesimama pale pale bila ya kubadili nguo. Kisha anaghairi, mabega yanaanguka, miwani inarudi. Kwa nukta chache, jambo ambalo vijitabu vya katuni havikuwahi kulieleza kwa njia ya kuridhisha, yaani jinsi miwani iwezavyo kumficha mtu, linasadikika kabisa.

Uhalisia huo unafanya kazi gani? Unaitengenezea ajabu njia. Mwishoni mwa filamu Lois anakufa, na Superman anaizunguka dunia kwa kasi hadi wakati unarudi nyuma. Fizikia haina hata hoja moja ya kulitetea tukio hili. Lakini uchungu wa Reeve mbele ya maiti ni uchungu wa mtu, na aliyeuamini uchungu anaamini pia kitendo kinachotokana nao. Huu ndio uhalisia unaokaribisha. Filamu za Superman za 1983 na 1987 ziliupoteza uwiano huo, na hazina haja ya kuchelewesha mjadala.

Tim Burton alipoongoza Batman mwaka 1989 alikwenda njia nyingine. Jiji lake la Gotham, lililosanifiwa na Anton Furst ambaye alishiriki katika kupata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, si Chicago wala New York bali ni jinamizi lenye mabomba na mawe. Wengine waliita filamu hiyo ya kihalisia kwa sababu tu ina giza, na kosa hilo la kulichukua giza kuwa ndio ukweli limeendelea kurudiwa. Batman Returns (1992), pamoja na Penguin wake aliyelelewa katika maji machafu, ni ajabu tupu, nayo ni ajabu yenye huzuni ya kweli. Joel Schumacher aliporithi kazi hiyo alirudisha rangi na vichekesho. Batman & Robin ya mwaka 1997, ambamo Arnold Schwarzenegger anatamka mzaha wa barafu baada ya mzaha wa barafu, ilichekwa kwa namna isiyokusudiwa. Tofauti na Adam West, waigizaji wake hawaonekani kujua kama wanakejeli au wanaamini. Baadaye kidogo ikaja X-Men (2000) ya Bryan Singer, inayoanzia katika kambi ya Auschwitz mwaka 1944, na ambayo majagina wake wamevuliwa rangi zao na kuvishwa ngozi nyeusi. Mmoja anapolalamikia mavazi hayo, mwenzake anamuuliza kama angependelea nguo za manjano za kubana, yaani nguo zile zile alizozivaa katika katuni. Mzaha huo mfupi ni wa maana sana kwa historia hii: filamu inaicheka asili yake kabla ya mtu mwingine kuicheka.

Batman Begins (2005) ya Christopher Nolan ilikuja miaka 8 baada ya fedheha ya 1997, nayo inasomeka kama hati ya utetezi mahakamani. Kila ajabu ya Batman imepewa stakabadhi. Vazi lake lilikusudiwa askari, likaachwa kwa sababu ya gharama. Joho ni kitambaa kinachokakamaa kikipitishiwa umeme. Gari ni mtambo wa kijeshi wa kutegea madaraja. Hata barakoa yenye masikio inaagizwa kwa shehena ya vipande 10,000 ili watengenezaji wasishuku. Maelezo haya yana utamu wake, na onyesho la barakoa lina ucheshi mzuri. Lakini mwishoni adui anatumia mtambo unaoyageuza maji ya mabomba ya jiji kuwa mvuke, ilhali watu, ambao miili yao kwa sehemu kubwa ni maji, wanasimama kando yake bila ya kudhurika. Filamu iliyotumia muda mwingi kuueleza uzi wa joho haikuona haja ya kulieleza jambo hilo. Mwenye kumsamehe Donner kwa kurudisha wakati nyuma asiharakishe kumsamehe Nolan kwa mvuke. Donner hakutoa ahadi ya stakabadhi. Nolan ndiye aliyejiwekea sheria hiyo, na ndiye aliyeivunja.

The Dark Knight (2008) ni kazi kubwa zaidi, na sifa zake ni za haki. Ilipigwa kwa sehemu kubwa katika mitaa ya Chicago. Lori linalobinuka barabarani lilibinuliwa kweli, na jengo linalolipuliwa kama hospitali lilikuwa kiwanda cha zamani kilichobomolewa kwa ajili ya kamera. Ilipata zaidi ya dola bilioni 1, na Heath Ledger, aliyefariki Januari 2008 kabla ya filamu kuonyeshwa, alipewa tuzo ya Oscar. Lakini ni nini kinachoifanya isisahaulike? Ni Joker, na Joker huyu ndiye kiumbe asiye halisi kupita wote waliomo. Hana jina wala nyumba. Anasimulia asili ya makovu yake mara mbili, kila mara hadithi tofauti. Anatega baruti hospitalini na katika vivuko viwili bila ya kuonekana na mtu, na hakuna anayeuliza aliibeba vipi. Hata kisa cha vivuko, ambamo raia na wafungwa wanapewa kila upande uwezo wa kuulipua upande wa pili, ni hekaya ya mafunzo iliyovishwa koti la habari za jioni. Ajabu iliyofukuzwa mlangoni imeingia kwa dirisha, na nguvu yote ya filamu imeingia pamoja nayo.

Ama kuhusu uhalisia wa mahusiano, filamu hii ni maskini. Bruce Wayne ndiye tajiri mkuu wa jiji. Silaha anazotumia usiku zinatoka katika kampuni yake mwenyewe. Na watu wa Gotham wanaojaza vivuko na mabenki hawana kazi, kodi ya nyumba wala maoni. Onyesho linalokaribia ukweli ni lile ambamo Wayne anageuza simu zote za jiji kuwa masikio yake. Wakati huo Marekani ilikuwa katika mjadala mkali juu ya serikali kuchungulia mawasiliano ya raia. Lucius Fox anapinga, kisha anakubali kwa mara moja tu, na kazi ikiisha anaandika jina lake na mtambo unajiteketeza. Swali lililowasumbua wanasheria kwa miaka limemalizwa kwa kubonyeza vitufe. Hapa chuma ni cha kweli, barabara ni ya kweli, na siasa ni ya kubuni.

Yafaa pia kuuliza uhalisia wa namna hii umechotwa wapi. Maonyesho ya wizi na ya mtaani katika The Dark Knight yanafuata filamu ya wahalifu ya Michael Mann, Heat (1995), jambo ambalo Nolan mwenyewe hakulificha. Joker ya Todd Phillips (2019), iliyopata Simba wa Dhahabu mjini Venice, inawaiga waziwazi wahusika wa Martin Scorsese katika Taxi Driver (1976) na The King of Comedy (1983). Kwa hiyo kinachoitwa kurudi katika maisha halisi aghalabu ni kuhama tu kutoka utanzu mmoja hadi mwingine: jagina ametoka katika katuni akaingia katika filamu za polisi na wezi, akabadili maleba. Joker walau inawataja maskini, taka zisizozolewa, na idara ya serikali inayofungwa huku mgonjwa akiwa bado anahitaji dawa. Lakini hasira ya umati katika filamu hiyo haina madai wala viongozi, na inamsubiri mtu mmoja mwenye rangi usoni aipe sura.

Nyuma ya haya yote umo upendeleo unaojulikana vyema katika idara za fasihi: dhana kwamba kazi nzito ni ya kihalisia, na kwamba ajabu ni chakula cha watoto. Wahakiki wa Kiswahili walikabiliwa na dhana hiyo Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Rosa Mistika (1971), alipotoa Nagona (1990). Waliozoea kumtafuta katika vijiji na shule walijikuta katika mahali pasipo na ramani, na swali likawa iwapo ameikimbia jamii. Swali hilo lilistahili kuulizwa, ila lilichukulia tangu mwanzo kwamba jamii hukaa upande mmoja tu wa usanii.

Mfano ulio wazi kupita yote ni Watchmen. Hadithi hii ya katuni ya Alan Moore na mchoraji Dave Gibbons ilitoka katika matoleo 12 kati ya 1986 na 1987, nayo ndiyo inayotajwa kila mara kuwa iliwakomaza majagina. Majagina wake ni wanene, waoga, wakatili, wapweke. Siasa ya Vita Baridi imo katika kila ukurasa. Kisha, mwishoni, tajiri Adrian Veidt anatuma katikati ya New York kiumbe kikubwa mfano wa pweza, ambacho kinakufa papo hapo na kuua mamilioni ya watu, ili Marekani na Urusi ya Kisovieti ziamini kwamba dunia imeshambuliwa na viumbe wa mbali, ziache ugomvi wao. Tena kiumbe hicho kimebuniwa na wasanii waliokusanywa kisiwani kwa siri, mmojawao akiwa mtunzi wa katuni za maharamia, na wote wanauawa kazi yao ikikamilika.

Zack Snyder alipoifanya hadithi hii kuwa filamu mwaka 2009 alifuata michoro ya Gibbons kwa uaminifu wa ajabu, picha kwa picha, lakini pweza alimwacha. Mahali pake mna milipuko katika miji kadhaa ya dunia, iliyofanywa ionekane kuwa kazi ya Dr. Manhattan, jagina wa buluu anayefanyia serikali ya Marekani kazi. Sababu za uamuzi huo si vigumu kuzikisia: mtazamaji aliyekaa karibu saa 3 katika giza na mvua angeweza kumcheka pweza. Wapo pia wanaoutetea kwa kusema kwamba mwisho mpya umefungamana vizuri zaidi na msuko.

Utetezi huo hautoshi. Kwanza, Dr. Manhattan kwa miaka mingi alikuwa silaha ya Marekani. Miji ya dunia ikiteketezwa na silaha ya Marekani, Wasovieti wana sababu gani ya kuikumbatia Marekani? Mpango wa Veidt katika katuni una mantiki ya kutisha kwa sababu kiumbe kile hakina taifa. Pili, na hili ni zito zaidi, upuuzi wa pweza ndio maana yake. Moore anasema kwamba amani ya mataifa makubwa inaweza kununuliwa kwa uongo wa kitoto uliotungwa na watunzi wa hadithi za senti chache, mradi tu maiti ziwe za kutosha. Pweza yule anachekesha, na chini yake kuna watu milioni kadhaa. Msomaji anajikuta amekosa uso wa kuvaa. Filamu ilimpa uso huo. Ilimwondolea aibu ya kucheka, ikamwondolea na hofu. Hapa ndipo inapoonekana waziwazi kwamba uhalisia wa kuficha haupunguzi ajabu peke yake, bali hupunguza na ukweli ulioshikwa na ajabu hiyo.

Miaka 10 baadaye, mwaka 2019, Damon Lindelof alitoa tamthilia ya televisheni ya jina hilo hilo. Inaanza na mauaji ya watu weusi mjini Tulsa mwaka 1921, tukio la kweli ambalo Wamarekani wengi hawakufundishwa shuleni, na dakika chache baadaye pweza wadogo wananyesha kama mvua juu ya magari, na watu wanawasha vifuta kioo kana kwamba ni manyunyu ya kawaida. Tulsa na mvua ya pweza vimekaa pamoja kama mkate wa wishwa na kitovu. Kila kimoja kinamfundisha mtazamaji kukitazama kingine: nchi iliyoizoea mvua ya namna ile ndiyo iliyoyazoea makaburi ya namna ile.

Yawezekana mtu akasema kwamba studio ya Marvel ilikwisha kuirudishia ajabu heshima yake mapema zaidi. Ni kweli kwamba Iron Man (2008) ilianza kwa tahadhari, ndani ya pango la Afghanistan, mahali palipochukua nafasi ya Vietnam ya katuni ya mwaka 1963. Na kwamba kufikia Guardians of the Galaxy (2014) hadhira ilikuwa ikimlilia mti unaojua sentensi moja tu. Lakini mara nyingi ajabu hiyo inaombewa radhi kwa njia nyingine, nayo ni mzaha. Katika Thor: Ragnarok (2017) nchi nzima ya Asgard inalipuka mbele ya wananchi wake, na kabla ya majonzi kuwafikia watazamaji, mhusika wa mawe anatoa mzaha juu ya misingi ya majengo. Nolan aliificha ajabu kwa stakabadhi. Hawa wanaificha kwa kicheko. Aibu ni ile ile. Ndiyo maana picha ya bembea inapotosha, kwa kuwa filamu yaweza kuvuka kutoka ncha moja hadi nyingine bila ya kubadili msimamo wake juu ya asili yake.

Black Panther (2018) ya Ryan Coogler yastahili kutazamwa kwa makini, na si kwa sababu tu Lupita Nyong'o ni Mkenya. Kejeli ndogo haikosekani: Wakanda inadaiwa kuwa katika upande wetu wa bara, lakini watu wake huzungumza Kixhosa, kwa kuwa mwigizaji John Kani wa Afrika Kusini ndiye aliyekiingiza katika filamu iliyotangulia ya mwaka 2016. Hilo laweza kusamehewa. Jambo kubwa ni maonyesho ya nchi ya wahenga. Mfalme T'Challa akinyweshwa dawa na kufukiwa mchangani anaamka katika mbuga pana chini ya anga la zambarau, na chui weusi waliokaa mtini wanageuka kuwa wafalme waliomtangulia. Baadaye mpinzani wake Killmonger anapitishwa katika ibada ile ile. Yeye haamki mbugani. Anaamka katika chumba kidogo cha Oakland ambamo baba yake aliuawa, na anga lile la zambarau linaonekana kwa dirishani tu. Mtoto wa Afrika aliyezaliwa Marekani hana mbuga ya kurudia. Wahenga wake wanaishia katika nyumba ya kupanga. Hakuna hotuba juu ya utumwa na uhamisho iliyoweza kusema jambo hili kwa ufupi kiasi hicho, na lisingesemeka kabisa bila ya ajabu. Uhalisia wa mahusiano umeingia kwa mlango wa ndoto.

Inasikitisha kwamba filamu hiyo haikustahimili kulitazama lilichofungua. Hoja ya Killmonger, kwamba taifa lenye nguvu lilikaa kimya huku jamaa zake wakidhulumiwa ng'ambo, haijibiwi kwa hoja. Inajibiwa kwa ngumi kwenye njia ya treni chini ya ardhi, huku jasusi wa Kimarekani akiisaidia Wakanda kutoka angani. Mwishowe T'Challa ananunua majengo mjini Oakland ili kufungua kituo cha misaada.

Superman, ambaye bukta yake nyekundu iliondolewa mwaka 2013 katika Man of Steel pamoja na rangi zake zote za wazi, alirudishiwa bukta hiyo mwaka 2025 katika filamu ya James Gunn. Alirudishiwa na mbwa wake Krypto mwenye joho. Man of Steel ilikuwa imebomoa nusu ya Metropolis kwa vumbi lililokumbusha Septemba 2001, lakini haikuweza kusema lolote juu ya mwaka huo. Filamu ya Gunn, iliyojaa majitu na wanyama, ina picha moja ya uhalisia mkali: nyani waliofungiwa katika ulimwengu wa pembeni alioujenga tajiri Lex Luthor, wakipiga vibao vya kompyuta usiku na mchana ili kumwaga matusi juu ya Superman katika intaneti. Ina pia vita kati ya nchi mbili za kubuni, Boravia yenye vifaru na Jarhanpur isiyo na kitu, na majadiliano makali kati ya Lois na Clark kuhusu nani aliyempa mtu mmoja ruhusa ya kuvizuia. Mazungumzo hayo ndiyo sehemu bora ya filamu. Lakini kamera inapofika mpakani, watu wa Jarhanpur wanaonekana kama umati wenye zana duni mikononi, na mtoto mmoja anainua bendera yenye alama ya Superman, wakisubiri majagina washuke.